Tairi la mbele likicheza, usikimbilie beringi

Gari la kuvuta kwa matairi yote manne likianza kutikisa usukani, watu hukimbilia kununua beringi (zile zinazoliwezesha tairi kuzunguka kwa wepesi). Pima kwanza. Weka kabari matairi ya nyuma, inua mbele kwa jeki, likalishe juu ya stendi (jeki peke yake si ya kuaminiwa), kisha shika tairi juu na chini, ulitikise kwa nguvu. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Breki hulifunga tairi na kile kipande kinachobeba beringi, kwa hiyo kucheza kukiisha, beringi ndizo zimelegea. Kukibaki vilevile, kagua boli jointi (kiungo chenye kichwa cha duara kinachoruhusu tairi kupanda, kushuka na kugeuka), au kingipini (pini ambayo tairi hugeukia) kama ekseli ya mbele ni moja toka upande hadi upande. Mulika tochi uone hasa ni chuma kipi kinachoachana na kipi. Likicheza kushoto na kulia tu, shuku tairodi endi (kiungo kilicho mwishoni mwa fimbo ya usukani inayogeuza tairi).

Beringi za koni (zenye vyuma vilivyochongoka upande mmoja) zilizolegea mara nyingi hutaka kukazwa tu, kwa kipimo cha mtengenezaji. Ukizidisha zitapata moto na kuungua. Ila zikikwaruza unapozungusha tairi kwa mkono, badilisha.