Maktaba ya wanachama: anzeni na kiingilio, vitabu vitafuata

Mimi ni mweka hazina wa maktaba ya wanachama, na kila anayetaka kuanzisha ya kwake huniuliza vitabu atavipata wapi. Namwambia asubiri kwanza, asikie ya Philadelphia, kule Marekani.

Benjamin Franklin, mpiga chapa wa mji huo, na wenzake wa klabu ya mijadala iliyoitwa Junto walianza kwa kuweka vitabu vyao wenyewe katika chumba kimoja. Vilikuja vichache kuliko walivyotarajia, havikutunzwa vizuri, na baada ya kama mwaka mmoja kila mtu akabeba vyake akarudi navyo nyumbani. Basi msikusanye vitabu vya watu. Kitabu chenye mwenyewe kitadaiwa siku mwenyewe akinuna.

Njia iliyodumu ni ya tarehe 1 Julai 1731. Waliandikiana mkataba: wanachama 50, kiingilio shilingi 40 za enzi hizo kwa kila mmoja, kisha ada ya shilingi 10 kwa mwaka. Aliyewahi kuwa kwenye kikoba ameshanielewa. Kiingilio kinanunua vitabu vya mwanzo, ada inaongeza vingine, na vyote ni mali ya chama. Hilo liingie kwenye katiba kabla hamjanunua hata kimoja.

Orodha ya manunuzi isipigiwe kura. Wao walimwendea James Logan, msomi aliyevijua vitabu, ndipo wakaagiza London Machi 1732. Mzigo ulifika Oktoba. Kwetu kazi hiyo anaifanya mwalimu mstaafu, anayekata nusu ya orodha bila huruma.

Mtunzaji alipwe, na saa zijulikane. Louis Timothée, mtunzaji wao wa kwanza, alifungua Jumatano saa 8 hadi saa 9 mchana, na Jumamosi saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Saa chache, lakini mtu akija anakuta mlango wazi.

Sasa daftari, maana hapa ndipo maktaba nyingi hufia. Pigeni safu tano: jina, kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, na hali ya kitabu. Ukurasa uliochanika uandikwe kabla kitabu hakijatoka, la sivyo mtabishana hadi magharibi. Wa Philadelphia walisaini hati ya kulipa mara mbili ya thamani ya kitabu kisiporudishwa ipasavyo. Igeni hilo, na bei iandikwe kwa penseli ndani ya jalada, mwazimaji aione kabla ya kusaini.