Mtoto akikwambia, tenganisha maswali manne

Nilizalisha watoto kwa miaka 31 katika wodi za Kisumu na Siaya, na kila mama aliniuliza swali lile lile kwanza: "Sista, ni nini?" Nikijibu msichana au mvulana, kabla kitovu hakijafungwa jina limeshapatikana na simu zimeshapigwa kijijini. Nami nilidhani jibu hilo limemaliza mambo yote ya yule mtoto.

Mwaka 2016 kijana wa dada yangu, wakati huo ana miaka 19, alitoka Nakuru kuja kunitembelea. Tulikuwa uani tukichambua omena akasema, "Mama mkubwa, mimi sivutiwi na wasichana. Sijawahi." Nikamjibu, "Tutakuombea, itapita." Akanyamaza, akamaliza omena, akapanda matatu siku hiyo hiyo. Hakunipigia simu kwa miezi minane. Jibu lile nalijutia mpaka leo, na ndilo lililonikalisha chini nijifunze upya. Haya naandika kwa mzazi, shangazi au mjomba ambaye atajiwa na neno kama lile.

Chukua karatasi, andika maswali manne, kila moja na mstari wake. Mwili wake umeumbwaje? Yeye mwenyewe anajijua kuwa nani? Moyo wake unavutwa na nani? Anavaa nini na anafanya kazi gani? Jibu la moja halikupi jibu la jingine. Mvulana anayependa kupika chapati na kusuka dada zake hajakwambia lolote kuhusu atakayempenda. Mwanamume anayevutiwa na wanaume kwa kawaida anajijua kuwa mwanamume, wala hatamani kuwa mwanamke. Aliyeitwa msichana alipozaliwa lakini anajijua kuwa mvulana, huyo anakujibu swali la pili; la tatu hujamuuliza bado.

Wazee wetu walijua kutenganisha. Kwa Wanandi, Wakisii na Wakuria, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari akaoa mwanamke mwenzake ili boma lipate warithi. Alihesabiwa mume katika mambo ya ng'ombe na shamba, na haikuwa ndoa ya kitandani. Hilo ni swali la nne, la kazi na nafasi ya mtu kijijini, na kijiji kizima kilielewa.

Kuhusu mwili nitakaa kidogo, kwa sababu hapa watoto hufa.

Mara tatu katika kazi yangu mama aliniuliza "ni nini?" nikakosa jibu. Mtoto wa namna hiyo tunamwita huntha: viungo vyake vya uzazi, homoni au kromosomu hazifuati mpango tunaouita wa kiume tu au wa kike tu. Wengine hujulikana siku wanapozaliwa, wengine wakibalehe, pengine msichana anapongoja hedhi isije. Sensa ya 2019 iliwahesabu nchini Kenya kwa mara ya kwanza ikapata 1,524. Mimi naamini ni wengi zaidi, maana nimeona jinsi nyumba zinavyoficha.

Ukipata mtoto huyu, usiruhusu majirani wafungue nepi. Mpeleke hospitali ya rufaa mapema. Kwa sisi wa Kisumu ni Jaramogi, ile tunayoiita Russia. Haraka hiyo si ya kisu. Kuna watoto ambao tezi zilizo juu ya figo hazitengenezi homoni za kutunza chumvi mwilini. Ndani ya wiki chache za mwanzo mtoto anaanza kutapika, anakataa titi, analegea, na anaweza kufa huku nyanya yake akisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Dawa ipo, ni ya kila siku, na mtoto anakua. Lakini upasuaji wa kumfanya aonekane wa upande mmoja usikubali kukimbizwa nao. Muulize daktari: "Asipopasuliwa sasa, atadhurika nini?" Kama anakojoa vizuri na hana maumivu, ana muda wa kukua aseme mwenyewe. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua mtoto huntha kwa jina, na inakataza viungo vyake kubadilishwa au kuondolewa bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki.

Swali la pili na la tatu hayana kipimo cha maabara. Utajua kwa kuambiwa tu. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, na katika orodha inayotumika tangu 2022, mtu ambaye anavyojijua hakulingani na mwili wake hahesabiwi tena kuwa na ugonjwa wa akili. Kwa hiyo usimpeleke mtoto akafungwe, achapwe au ashindishwe njaa siku nne atolewe pepo. Usimwoze kwa lazima pia. Hapo umeumiza watu wawili.

Siku akikwambia, sema, "Asante kwa kuniamini." Kisha uliza umebeba hili tangu lini, nani mwingine anajua, uko salama shuleni. Baada ya hapo funga mdomo. Baba yake asipate habari kutoka kwako mpaka mtoto akubali. Mwite anavyojiita. Neno shoga, ambalo wanawake wa Pwani huitana kwa upendo, huku kwetu limegeuzwa jiwe la kurushia watu. Usilirushe, hata ukiwa na hasira.

Mwambie ukweli wa sheria pia. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Vinaadhibu tendo la ngono la jinsia moja. Kuvutiwa na mtu si kosa. Na polisi hawana ruhusa ya kulazimisha kijana akaguliwe njia ya haja kubwa, Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa ilishaamua hivyo Machi 2018. Mfundishe kujihadhari na watu wa mtandaoni wanaomwita mahali kisha wanadai pesa wasimtangaze. Akikamatwa au akitishwa, ajue simu ya kwanza ni yako. Kama hajafika miaka 18 na nyumbani si salama, 116 ni namba ya bure ya kusaidia watoto.

Mimi nilimpigia baada ya ile miezi minane. Nilisema, "Nilikukosea. Niambie tena, sasa nasikiliza." Alikuja Pasaka. Mama yake alichukua miaka minne kukubali. Mwaka jana, kwenye mazishi huko Siaya, shemeji alisimama mbele ya watu akauliza kijana huyu ataoa lini. Nikamjibu, "Huyu ni mwanangu. Ukitaka habari zake, niulize mimi." Nikavuta kiti, nikamkalisha kijana karibu yangu, tukala.