Somo: Umekabidhiwa chumba cha nyaraka za ushirika, uanzie wapi?

Somo hili ni la wale walioambiwa na mwenyekiti "hebu panga yale makaratasi". Nachukua mfano wa vyama vya kahawa Kilimanjaro.

Hatua ya 1: Usipange kitu. Piga picha rafu zilivyo, kisha orodhesha kwa ufupi rafu ipi ina nini. Majalada yaliyofungwa pamoja yabaki pamoja, maana karani aliyeyafunga alikuwa na sababu zake. Ukichomoa barua zote za pembejeo kwenye majalada tofauti ukazirundika mahali pamoja, hakuna atakayejua tena zilikuwa zinajibu nini.

Hatua ya 2: Jua nyaraka ni za nani. Hapa ndipo penye kazi. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, iliandikishwa mwaka 1933, ikirithi chama cha wakulima kilichoanza 1925. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, kazi zao zikaenda kwa vijiji na mamlaka za mazao, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Kwa hiyo chumba kimoja kinaweza kuwa na karatasi za chama, za serikali ya kijiji na za mamlaka ya zao. Zote zinazungumzia kahawa, lakini hiyo ni mikusanyo mitatu, kila mwenye nyaraka na wake. Soma vichwa vya barua, mihuri na vyeo vya waliotia sahihi. Leja iliyoanzwa na chama kisha kijiji kikaiendeleza, usiikate: iweke kwa chama, na kwenye orodha ya kijiji uandike "tazama pia".

Hatua ya 3: Eleza kutoka juu kwenda chini. Anza na mkusanyo mzima, halafu mfululizo (mihtasari ya vikao, leja za malipo, barua), halafu jalada. Ukianza na karatasi moja moja utachoka kabla boksi la kwanza halijaisha. Kiwango cha kimataifa cha kueleza nyaraka, ISAD(G), kinataka mambo sita kwa uchache, kwa mfano:

Namba: CM/2/14 (mkusanyo/mfululizo/jalada)
Jina: Leja ya malipo ya wakulima
Tarehe: 1961–1964
Mwenye nyaraka: chama cha msingi
Kiasi: leja 1
Ngazi: jalada

Tarehe ya kukisia itie kwenye mabano: [takriban 1955].

Hatua ya 4: Ondoa pini zenye kutu, andika namba kwa penseli. Selotepu marufuku.

MASWALI

— Mwalimu, mimi ni mkutubi. Kwa nini nisitumie Dewey, ule mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa namba za mada? Kahawa ina namba yake, 633.73.

Kwa vitabu, sawa kabisa. Kitabu kinajitegemea, barua inaitegemea iliyotangulia na inayofuata. Mada ziweke kwenye faharasa, rafu uziache zifuate wenye nyaraka.

— Mkuu, mkulima mmoja leja hii kaandikwa Elia, ile Eliya, nyingine jina la baba tu. Nisahihishe?

Usiguse leja. Kwenye faharasa chagua umbo moja, mengine yaelekeze hapo. Namba ya uanachama ndiyo itakayokuthibitishia ni mtu yuleyule.

— Asante kwa somo. Kijana wetu ana skana, aanze leo?

Asubiri orodha, ndugu yangu. Picha elfu zisizo na maelezo ni chumba kilekile, safari hii ndani ya kompyuta. Orodha ikiwa tayari, kila faili lianze na namba ya jalada: CM-2-14-001, CM-2-14-002. Na leja zenye madeni ya watu walio hai zisipandishwe mtandaoni.