Kava za pikipiki kuukuu: zipashe jua kwanza

Wenye pikipiki kubwa za safari za miaka ya 90, kama Honda ST1100, hii inawahusu. Plastiki ya kava zake, yale mabamba yanayofunika mwili wa pikipiki, ikizeeka hukauka, na baridi ya Nairobi ya Julai huimalizia kabisa. Usiguse kava saa moja asubuhi. Iache pikipiki juani hadi plastiki ishike joto, ndipo uanze kuifungua kava.

Skrubu si taabu. Kinachovunjika ni vile vidole vya plastiki vilivyoshindiliwa kwenye vipira, yaani vipete vya mpira vinavyovishika. Usivute kava kwa ukingoni. Pitisha mkono kwa ndani, sukuma karibu kabisa na kidole, kimoja kimoja, hadi usikie "pop". Ikikataa, kuna skrubu umeiruka, pengine imejificha chini ya kifuniko kidogo. Na kama ina indiketa, chomoa waya kabla hujaondoka nayo.

Chora umbo la kava kwenye katoni, uchomeke kila skrubu mahali pake. Urefu wake hutofautiana, na ndefu ikiingia pa fupi itatoboa kitu.

Wakati wa kurudisha, paka vipira maji ya sabuni au grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huharibu mpira. Shikiza skrubu zote kwa mkono kwanza, kisha kaza kidogo kidogo. Fundi akija na mashine ya kukazia, mwambie aiweke chini. Vipira vilivyokakamaa badilisha, na ukienda kuvitafuta Kirinyaga Road beba cha zamani mfukoni, usikisie saizi.