Namna ya Kuunda Sentensi za Kiingereza zenye Yambwa na Kitenzi-jina

Mwanafunzi wa Chake Chake anayetaka kueleza kwa Kiingereza kwamba mama alimwambia Asha aanike karafuu hana budi kufuata mpangilio huu: kitenzi, kisha yambwa, kisha kitenzi-jina chenye "to", yaani "Mother told Asha to dry the cloves". Nafasi ya Asha ikichukuliwa na kiwakilishi, andika "her", wala si "she", kwa kuwa yeye ndiye anayeambiwa. Vitenzi "want", "ask", "advise" na "allow" hufuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo sentensi "I want that he comes", ambayo huandikwa mno kwa mazoea ya lugha yetu, isahihishwe iwe "I want him to come". Katika kukanusha, tanguliza "not" kabla ya "to": "She told us not to climb the tree".

Panapotatiza zaidi ni kwenye "make" na "let", ambavyo huacha "to": "He made us carry the sacks". Ajabu ni kwamba "make" ikigeuzwa kuwa kauli ya kutendwa, "to" hurudi: "We were made to carry the sacks". Kitenzi "suggest" hakiingii humu kabisa. Andika "He suggested that we wait".