Je, Mtoto Apelekwe Kuchunguzwa Usonji?

Mzazi wa Mtwara au Lindi anayeshuku kwamba mtoto wake ana usonji (autism), yaani hali ya ukuaji inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kushirikiana na wengine, huwa amekwisha kuambiwa mara nyingi, kabla hajafika zahanati, kwamba kila mtoto na wakati wake, kwamba hata baba yake alichelewa kusema. Kauli hiyo ina ukweli, kwa sababu wapo watoto wanaochelewa kusema kisha wakawafikia wenzao bila msaada wowote. Lakini idadi ya maneno peke yake haitoshi kuamulia. Tazama zaidi namna mtoto anavyotafuta kuwasiliana nawe.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiona ndege au embe lililoiva mtini, kwa kawaida hunyoosha kidole, kisha humgeukia mama yake kuhakikisha kwamba naye ameona. Kuonyesha huku kwa ajili ya kushirikiana, ambako ni tofauti na kuomba kupewa kitu, ndiko ninakokupa uzito mkubwa kuliko dalili nyingine. Mwite jina akiwa amekupa mgongo na redio imezimwa. Watoto wengi wa mwaka mmoja hugeuka. Angalia kama anaigiza kupika kwa kifuu na mchanga, au kama gari lake la makopo ni magurudumu tu ya kuzungushwa kutwa nzima. Kama hurudia maneno ya watu kama mwangwi. Kama mlio wa mashine ya kusaga humfanya azibe masikio na kulia. Dalili moja haithibitishi kitu. Andika unayoyaona kwa tarehe kwa wiki mbili hivi, na urekodi video fupi kwa simu, kwa kuwa siku ya kumwona daktari mtoto anaweza kuwa amelala.

Ipo hali isiyosubiri hizo wiki mbili: mtoto aliyekuwa akisema maneno au akipunga mkono, kisha akaacha, aonwe mapema, awe na umri wowote. Asicheleweshwe pia yule wa miaka miwili ambaye haunganishi maneno mawili ya kwake, yawe ya Kiswahili au ya Kimakonde, maana kukua na lugha mbili hakusababishi usonji na maneno ya lugha zote mbili huhesabiwa pamoja.

Kinachowachelewesha wengi ni lawama, nayo humwangukia mama. Usonji hautokani na malezi mabaya wala chanjo. Makala ya mwaka 1998 iliyoihusisha chanjo ya surua na usonji iliondolewa na jarida lililoichapisha, The Lancet, mwaka 2010.

Anza na zahanati au kliniki ya mtoto iliyo karibu, ukiwa na kadi ya kliniki na daftari lako, na uombe kwanza masikio yapimwe, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye haitiki jina lake. Ukipewa rufaa, waweza kuelekezwa hospitali ya Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini kwa upande wa Mtwara, hospitali ya Sokoine kwa upande wa Lindi, na pengine Muhimbili jijini Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Nawasihi wanaongoja fedha za mnada wa korosho wasizifanye sharti la hatua ya kwanza, maana zahanati haihitaji nauli ya Dar es Salaam. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji. Mtaalamu humtazama mtoto akicheza na kumhoji mzazi kwa kirefu.

Ikiwa mtoto anasikia, ananyoosha kidole, anaigiza na kutafuta macho yako, na kinachochelewa ni maneno tu, mweleze mhudumu wa kliniki, kisha mpange tarehe ya kumtazama tena, tuseme baada ya miezi mitatu, na iandikwe kwenye kadi. Katika muda huo, keti chini alipo, taja kile anachokitazama, kisha nyamaza kidogo umpe nafasi ya kukujibu, hata kwa jicho.