Kifuko cha minyoo kwenye ini: kumwandaa mgonjwa wa upasuaji wa matundu madogo

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Dar es Salaam. Wagonjwa wengi wa kifuko cha minyoo kwenye ini ni wafugaji, wametoka Longido au Ngorongoro na wamefikia kwa ndugu Mbagala au Gongo la Mboto. Nawaandikia ninyi wenyeji wao.

Kwanza, asitokee mtu wa kuchoma sindano kwenye uvimbe wa kifuko hicho eti aangalie kuna nini. Maji yake yana mbegu za tegu wa mbwa. Yakimwagika tumboni huweza kuleta mzio wa kuua papo hapo, au vifuko vipya miaka ya baadaye. Anzeni na ultrasaundi. Kifuko kilichokwisha kufa na kukakamaa mara nyingi hakipasuliwi, hufuatiliwa tu.

Upasuaji ukiamuliwa, daktari huanzisha albendazole, dawa ya minyoo, siku kadhaa kabla. Mtu mzima kwa kawaida hupewa miligramu 400 asubuhi na 400 jioni. Hapa nakazania sana: dawa hii inataka mafuta, bila hivyo kidogo tu ndiyo huingia kwenye damu. Mpeni na chapati, wali wa nazi, au maziwa yasiyoenguliwa. Chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha havitoshi. Mwenye mimba aseme mapema. Damu nayo ipimwe, kuangalia ini na chembe nyeupe.

Siku yenyewe tumbo hujazwa gesi, vyombo vikapita kwenye matundu machache. Kifuko huzungushiwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali ya kuua mbegu. Maji hufyonzwa kwanza, kisha ule utando mweupe, laini kama wa ndani ya ganda la yai, huvutwa na kutolewa nje ukiwa umetiwa kwenye mfuko maalumu. Kifuko kikiwa nyuma kabisa ya ini, daktari anaweza kusema atafungua tumbo. Msimwone hajui kazi. Huko matundu hayafiki vizuri.

Baadaye bega litauma kwa sababu ya gesi, litapoa. Mrija wa kutoa maji tumboni ukitoa maji ya kijani au njano, semeni: huenda nyongo inavuja. Homa au macho ya njano, rudini siku hiyohiyo.

Kabla hajapanda basi Stendi ya Magufuli, hakikisheni ana albendazole ya kumalizia dozi, tarehe ya ultrasaundi imeandikwa kwenye kadi, na ameelewa kwamba mbwa wa boma wapewe dawa ya minyoo na wasitupiwe tena maini mabichi ya kondoo.